Asili kabla ya kiasi: namna ya kukokotoa viwango vya afya kwa takwimu za Dodoma

Shule ya msingi tulifundishwa kwamba sehemu ina namba mbili, kiasi juu na asili chini, na wengi wetu tulitoka darasani tukiamini kuwa kazi ngumu iko juu. Katika takwimu za afya mambo ni kinyume. Kiasi, yaani idadi ya wagonjwa au ya watoto waliochanjwa, kwa kawaida kimekwisha kuandikwa na mhudumu kwenye rejesta. Asili, yaani idadi ya watu waliostahili kuhesabiwa, ndiyo hutafutwa kwa jasho, na kwa maoni yangu ndiyo hupotosha ripoti nyingi kuliko kosa lolote la kujumlisha.

Anza kwa kuandika swali lako katika sentensi moja inayotaja nani, wapi, lini na nini. "Chanjo wilayani Bahi" si swali. "Kati ya watoto waliotimiza umri wa miezi tisa mwaka jana wakiwa wakazi wa Bahi, wangapi walipata dozi ya kwanza ya chanjo ya surua na rubela?" ni swali, na tayari limekuonyesha asili yake. Ikiwa unakusudia kuwahoji watu au kutumia kumbukumbu za wagonjwa, omba kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au cha kamati ya chuo chako kabla hujagusa chochote.

Kiasi utakipata katika rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya unaojazwa vituoni) na katika mfumo wa kielektroniki ambamo ripoti za kila mwezi za vituo huingizwa. Usiridhike na jumla pekee. Chagua vituo vichache, ufungue rejesta zenyewe na kuhesabu upya kwa mkono ukiitazama safu ya makazi. Niliwahi kufanya hivyo katika zahanati moja iliyo jirani na mpaka wa wilaya, nikakuta ukurasa baada ya ukurasa akina mama waliotoka vijiji vya ng'ambo, kwa sababu tu zahanati hiyo ilikuwa karibu nao kuliko ya kwao. Watoto wao wamo katika kiasi cha wilaya moja na katika asili ya nyingine. Kagua pia nafasi tupu: kituo kilichoandika sifuri kimesema hakikuona mgonjwa, ilhali kituo ambacho hakikuleta ripoti hakijasema lolote, na kompyuta ikijaza sifuri mahali pa pengo, ugonjwa utaonekana umepungua kumbe kilichopungua ni karatasi.

Sasa tuje kwenye asili. Matokeo ya sensa hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kwa miaka iliyo kati ya sensa mbili hutumika makadirio. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, na ongezeko lake la wastani tangu sensa ya 2002 lilikuwa asilimia 2.1 kwa mwaka. Mtu aliyeurefusha mwendo huo kwa miaka kumi angekadiria takriban watu milioni 2.56 kwa mwaka 2022. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta watu 3,085,625. Pengo ni zaidi ya watu laki tano, na tukumbuke kwamba katikati ya kipindi hicho Serikali ilianza kuhamia Dodoma. Gawanya 3,085,625 kwa 2,564,900 upate 1.203, maana yake kila kiwango kilichokokotolewa kwa asili ile ya zamani kimekuzwa kwa asilimia 20 hivi. Uchanjaji ambao kwa kweli ni asilimia 85 ungesomeka asilimia 102, nasi tungepongezana. Hesabu hiyo inachukulia kwamba sehemu ya watoto katika idadi ya watu haikubadilika, jambo ambalo ni la kuhakikiwa, hasa katika Jiji ambako wengi wa wahamiaji ni watu wazima; kwa hiyo tafuta jedwali la umri na jinsi la eneo lako badala ya kutegemea jumla.

Ukitumia sampuli, kiwango peke yake hakitoshi. Kitolee mipaka ya uhakika, yaani namba mbili ambazo kati yake tunatarajia kiwango halisi kiwemo, kwa kawaida kwa uhakika wa asilimia 95. Tuchukue mfano wa kubuni kuhusu trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza ambao umetafitiwa wilayani Kongwa tangu miaka ya 1980. Umepima watoto 200 wenye umri wa mwaka 1 hadi 9, ukakuta 24 wana dalili za trakoma hai, yaani asilimia 12. Zidisha 0.12 kwa 0.88, gawanya kwa 200, tafuta kipeo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 1.96, namba ya uhakika wa asilimia 95: unapata 0.045, na mipaka ni asilimia 7.5 hadi 16.5. Kizingiti cha Shirika la Afya Duniani, ambacho trakoma hai ikikifikia huhesabiwa kuwa tatizo la afya ya jamii, ni asilimia 5, hivyo ungeandika bila shaka kwamba kimevukwa.

Subiri kwanza. Watoto hao hukuwaokota mmoja mmoja, bali ulichukua 20 katika kila kijiji kati ya vijiji kumi, na trakoma huambukizana ndani ya kaya na kati ya majirani, kwa hiyo mtoto wa pili wa kijiji kilekile hakupi habari mpya sawa na wa kwanza. Ikiwa mfanano wa watoto wa kijiji kimoja, katika kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.1, kizidishi cha sampuli ni 1 jumlisha 19 (watoto 20 toa mmoja) mara 0.1, yaani 2.9, na watoto wako 200, ukiwagawanya kwa 2.9, wana uzito wa watoto 69 tu. Rudia hesabu: mipaka inakuwa asilimia 4.3 hadi 19.7, na kizingiti kiko ndani yake. Takwimu ni zilezile, ila huna tena haki ya kusema "bila shaka".

Kuna nyakati ambapo asili haipatikani kabisa. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliripotiwa kuwa na wagonjwa 68, ambao 20 kati yao walifariki. Asilimia 29 inayotokana na namba hizo ni ya vifo miongoni mwa wagonjwa waliotambuliwa, si miongoni mwa wote waliokula mahindi yenye kuvu, kwani hao hakuna aliyewahesabu. Katika hali kama hiyo hulinganishwa wagonjwa na majirani zao wasiougua kuhusu walichokula na walivyokihifadhi, na katika jedwali huandikwa "20 kati ya 68", namba zote mbili, kabla ya asilimia yoyote.