Yu-Gi-Oh!: kusoma zamu na mapigano bila ugomvi mezani

Dogo mmoja hapa Sinza anayecheza Yu-Gi-Oh!, mchezo wa kadi wa monsta wanaopigana, kaniuliza swali linalowasumbua wengi: "Kaka, nimempiga monsta wake, mbona wangu ndiye kafa?" Nilimwelekeza kwa kadi, na ninawawekea hapa.

Hatua ya 1: Meza
Kila mchezaji anaanza na pointi 8000 za uhai. Ziandike kwa kalamu, kila mmoja na karatasi yake. Kikokotoo cha simu sikitaki, kwa sababu mkibishana hakikuonyeshi mlikotoka. Master Duel, yaani Yu-Gi-Oh! ya kwenye simu, ni nzuri kwa mazoezi, ila sheria jifunze kwa kadi za mkononi. Simu inakuamulia mambo mengi kimyakimya.

Hatua ya 2: Zamu
Unachukua kadi, awamu ya kusubiri, awamu kuu ya kwanza, mapigano, awamu kuu ya pili, mwisho. Anayeanza mchezo hachukui kadi wala hashambulii katika zamu yake ya kwanza.

Hatua ya 3: Hesabu
ATK ni nguvu ya monsta ya kushambulia, DEF ni ya kujilinda. ATK kwa ATK: mdogo anakufa na mwenye naye anakatwa pointi za tofauti. Zikilingana wanakufa wote. Ukimshambulia aliyelazwa kwenye ulinzi, linganisha ATK yako na DEF yake. Ukizidi anakufa, lakini mwenzako hakatwi kitu. Ukipungukiwa unakatwa wewe, na hakuna anayekufa.

Hatua ya 4: Damage Step
Ni kipande cha mapigano ambapo hesabu ya makato inafanyika. Hapa ndipo penye ugomvi wote, kwa hiyo nenda polepole.

Kwanza unatangaza shambulio. Mirror Force, mtego (kadi unayoifunika na kuifungua baadaye) wa kujibu shambulio, inafunguliwa wakati huu tu. Na kama kabla ya kuingia Damage Step idadi ya monsta upande wa anayeshambuliwa imebadilika, mshambuliaji anachagua upya: apige mwingine au aache.

Mkishaingia Damage Step, Mirror Force imepitwa. Mystical Space Typhoon, kadi ya kuharibu mtego au kadi ya uchawi, nayo hairuhusiwi. Zinazopita ni kadi zinazobadilisha ATK au DEF, mitego ya kukanusha (ile yenye alama ya mshale uliopinda), na kadi ambazo maandishi yake yenyewe yanautaja wakati huo. Honest, kadi ya kuongeza ATK, ni mfano mzuri, inatoka mkononi hapohapo. Hata za kubadilisha ATK zina mwisho: hesabu ikianza, inapita tu inayosema inatumika wakati wa hesabu, kama Kuriboh, kadi ya kukuepusha na makato.

Ndani ya Damage Step kuna vipande vitano: mwanzo, kabla ya hesabu, hesabu, baada ya hesabu, mwisho. Sasa kesi ya dogo. Blue-Eyes White Dragon wake, ATK 3000, kashambulia kadi iliyofunikwa. Kabla ya hesabu ikafunuliwa: Man-Eater Bug, DEF 600. Hesabu ikafanyika, Bug kashindwa. Lakini aliyeshindwa haendi makaburini (rundo la kadi zilizokufa) papo hapo, anabaki mezani mpaka kipande cha mwisho. Baada ya hesabu nguvu yake ya kufunuliwa ikaamka, ikamlenga Blue-Eyes na kumuua. Kisha Bug naye akaenda. Wote wawili wamekufa kihalali, na dogo hakuibiwa.

Ndiyo maana nasisitiza: taja kila kipande kwa sauti, na subiri mwenzako aseme "endelea" kabla ya kusogea. Anayeharakisha meza ndiye anayeleta kesi. Kwenye Master Duel, weka kitufe cha kuuliza kwenye On, maana kikiwa Auto kuna nafasi utarukishwa bila kuulizwa.

Hatua ya 5: Kumaliza
Awamu kuu ya pili, funika mitego yako. Mwishoni, ukiwa na zaidi ya kadi 6 mkononi, tupa zilizozidi.