Mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu isikudanganye

Kila mwaka ni stori ileile. Jioni moja mwezi wa tatu inanyesha kama dakika ishirini hivi, vumbi inatulia, udongo unanukia vizuri, na kesho yake asubuhi mtaa mzima wako na majembe. Hata mimi nishafanya hivyo, nikapanda laini tatu za sukuma wiki huku Ruai, Nairobi, alafu jua likawaka siku tisa mfululizo miche ikakauka kama majani ya chai.

Shida ni epu za simu za hali ya hewa. Inaandika mvua, nasi tunadhani kuna hewa baridi inakuja kwa mstari kama kule Ulaya, inasukuma ya joto juu na mvua inapita kwa mpango. Sisi tuko karibu na ikweta, mambo ni mengine. Huku ni pepo mbili, ya kaskazini mashariki na ya kusini mashariki, zikikutana hewa inapanda, inapoa, na mvuke uliotoka Bahari ya Hindi unageuka mawingu. Huo mkanda wa mawingu unafuata jua lakini unachelewa wiki kadhaa, ndio maana jua linapita juu ya ikweta Machi na mvua yenyewe inakuja kukolea Aprili, alafu mkanda ukirudi kusini tunapata ile mvua fupi ya Oktoba mpaka Disemba.

Sasa ile ya kwanza kwanza mara nyingi ni joto tu la mchana, ardhi imechemka, wingu moja limepanda likamwagika Kasarani na Utawala hakuna hata tone. Usiiwekee mbegu ya pesa.

Pima na jembe. Chimba sentimita 15 hivi, chota udongo wa chini ufinye, ukishikana panda, ukimwagika kama unga rudi nyumbani miche ikae kitaluni. Wenye udongo mweusi muwe makini zaidi, huo unateleza juu hadi unaacha kiatu na chini bado ni mgumu kama jiwe.

Wakati unangoja, funga gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa. Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivyo mabati ya mita 50 za mraba yakipigwa na milimita 20 ni lita 1,000, toa ya kumwagika bado una kama 800. Maji ya dakika za kwanza yaache yaende, ni vumbi na mavi ya ndege, alafu ndio uelekeze kwa tenki. Mimi nilikuwa naona gata ni ya wenye pesa mpaka nikahesabu mitungi ya kununua.

Mvua ikishika, tandaza nyasi kavu kati ya laini, manake jua likitoka maji yanarudi hewani palepale, ila usiguse shina lisioze. Na kwa udongo mweusi inua matuta kabla ya Aprili, mlioona mafuriko ya 2024 sihitaji kuwaeleza.

Mawingu ya mwezi wa saba nayo yanafunika siku nzima, baridi, manyunyu kidogo, watu wanaacha kumwagilia wakidhani shamba limeshiba. Chimba tena uone, chini ni kukavu kabisa. Mwagilia asubuhi kwenye shina, majani ya nyanya yakilala na maji usiku ni baraka kwa ugonjwa wa blaiti.