Asali ya kilimo hai Tabora: mambo ya kuzingatia kabla ya kumwita mkaguzi

Anza na soko. Anayeuza ndani ya Afrika Mashariki anafuata kiwango cha kilimo hai cha ukanda huo, kilichopitishwa kwanza mwaka 2007, chenye alama ya Kilimohai. Anayelenga Ulaya anapimwa kwa Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022. Usimlipe mthibitishaji (anayetoa cheti) kabla ya kujua unakouza.

Kikwazo kikubwa Tabora ni tumbaku inayopigwa dawa. Ulaya inataka nyuki wapate chakula chao, ndani ya kilomita 3 kutoka manzuki (mahali mizinga ilipo), hasa kwenye uoto wa asili au mazao yasiyopigwa sumu. Duara hilo lina karibu hekta 2,800. Mizinga iliyotundikwa ukingoni mwa msitu inaweza kuwa na nusu ya duara mashambani, hata kama mwenyewe hajawahi kushika bomba la dawa. Kagua eneo wakati wa mvua, mazao yakiwa shambani. Agosti utaona majani makavu tu na kujidanganya. Upande wa Igunga na Nzega, angalia pamba vilevile.

Kipindi cha mpito, kutoka ufugaji wa kawaida hadi wa kilimo hai, ni miezi 12, na ndani yake nta ya zamani inapaswa kubadilishwa. Hapa mzinga wa gome una nafuu, kwa kuwa nyuki hujenga masega yao wenyewe (ila gome likibanduliwa mti unakufa, na swali hilo litaulizwa). Wenye mizinga ya fremu hunaswa na nta ya kununua isiyojulikana ilikotoka. Siafu zuia kwa majivu. Oili chafu na dawa ya unga ni marufuku. Moshi uwe wa magome au nyasi kavu, kamwe si plastiki.

Rina masega yaliyozibwa tu. Unyevu ukizidi asilimia 20 asali huchacha, na cheti hakitaiokoa.

Kwa soko la Ulaya, kikundi kinachoomba cheti kwa pamoja kisajiliwe kisheria, kisizidi wanachama 2,000, na kiwe na wakaguzi wake wa ndani, ramani ya kila manzuki na mkataba wa kila mwanachama. Kinachoangusha wengi ni daftari. Ndoo ya lita 20 hubeba karibu kilo 28 za asali. Mwanachama mwenye mizinga 20 ya gome akiandikiwa ndoo 30, ni kilo 42 kwa mzinga, kiasi kinachotia shaka. Mkaguzi atauliza asali ya ziada imetoka kwa nani.