Kamera za mkanda za kizamani: kila moja ina mwiko wake, ujue kabla hujaigusa

Watu wengi wakianza kukusanya kamera za mkanda wanakimbilia majina makubwa, Leica, Nikon, Canon, na mi siwalaumu. Ila ukitaka zenye vituko, zile ambazo mtu akiiona anauliza hiki nacho kidude gani, tafuta zilizosahaulika: FED, Zorki na Kiev za Usovieti, Exakta ya Dresden, Ujerumani, Werra ya Carl Zeiss Jena ya huko huko, Argus C3 ya Marekani ambayo watu waliibatiza tofali na kweli ukiishika ni tofali, Miranda na Petri na Topcon za Japani. Zote hizi unafokasi kwa mkono, nyingi hazitaki hata betri, na kila moja ina mwiko wake. Ukiuvunja unaharibu kamera au picha, na hamna maandishi popote kwenye bodi ya kukuonya.

Tuanze na Zorki na FED maana ndio wengi wanaanzia hapo. Mwiko: usibadilishe spidi (muda ambao shata, lile pazia la kuruhusu mwanga, inakaa wazi) kabla hujakoki, yaani kabla hujaikaza shata iwe tayari kufyatuka. Vuta mkanda kwanza, shata ikoki, ndo uguse kile kirungu cha spidi. Sababu ni kwamba kirungu chenyewe kinazunguka pamoja na shata, kwa hiyo ikiwa haijakokiwa alama iko mahali pengine kabisa, ukilazimisha unaweza kukwamisha vyuma vya ndani. Mwiko wa pili wa hizi hizi: usiiache juani lenzi imetazama juu bila kifuniko. Hazina kioo ndani cha kukinga, pazia la shata ni kitambaa, na lenzi ikikusanya jua inafanya ile kazi ya kioo cha kuwashia moto. Inatoboa pazia. Baada ya hapo kila picha inatoka na nukta nyeupe.

Kiev nayo ina historia tamu, baada ya vita kuu ya pili Wasovieti walibeba mitambo ya Contax kutoka Ujerumani wakaanza kuitengeneza Kiev kwenye kiwanda cha Arsenal, kwa hiyo ukishika Kiev ya zamani umeshika Contax iliyobadilishwa jina, na mara nyingi tarakimu 2 za mwanzo za namba ya bodi ndio mwaka iliyotengenezwa. Mwiko wake ni kidole. Kuna kidirisha kidogo mbele upande wa kulia, pale pale vidole vinapopenda kukaa, na hicho ndio kinaleta ile picha ya pili ya kufokasia. Kawaida unachungulia unaona vitu viwili viwili katikati, unazungusha mpaka vilaliane viwe kimoja. Sasa kidole kikiziba kidirisha unaona picha moja tu safi, unajisemea aa fokasi tayari, kumbe hujafokasi kitu. Mi nilipiga karibu nusu mkanda hivyo, nikawa nalaumu lenzi siku nzima.

Exakta ni raha ya mashoto: kuvuta mkanda kushoto, kufyatua kushoto, na nyingine zina kisu kidogo ndani cha kukata mkanda katikati ukitaka kusafisha picha chache za mwanzo. Werra haina hata mkono wa kuvutia, unazungusha pete iliyozunguka lenzi na shata inakoki na mkanda unasogea hapo hapo, wasioijua wanaitafuta nusu saa. Argus C3 unakoki kwa kimkono cha mbele na usiache kidole juu yake wakati unafyatua, kile kimkono kinarudi chenyewe na kidole kinakizuia. Halafu kukoki hakuhusiani na kuvuta mkanda, ukisahau kuvuta unapata watu wawili wamepandana kwenye fremu moja. Kodak Retina IIIc, ile ya kukunja lenzi ndani ya mlango, rudisha fokasi mwisho kabisa kwenye alama ya mbali ndo ufunge mlango, isipokubali kufunga usiisukume. Na kihesabio chake kinahesabu kurudi nyuma, kikiishia kamera inajifunga, haikoki tena. Kuna watu wanaziuza kama mbovu kumbe ni kihesabio tu, ukikizungusha kurudi juu inaamka.

Kabla hujanunua fungua mgongo. Weka spidi ya sekunde 1, fyatua, sikiliza: inatakiwa ilie taratibu kama saa ndogo halafu ifunge. Ikikwama katikati basi mafuta yameganda, spidi za haraka zinaweza kuwa nzima lakini hesabu ni kazi ya fundi. Kama ni ya pazia la kitambaa, toa lenzi, mulika tochi mbele, angalia nyuma gizani kama kuna vinukta vya mwanga. Lenzi imulike pia, ukiona nyuzi nyuzi kama mizizi ni fangasi, achana nayo. Vumbi kidogo halina neno. Sponji nyeusi za mlangoni zikiwa zinanata kama lami, hilo ni la kawaida kwa kamera za Japani, unazikwangua unabandika mpya jioni moja tu.

Mita ya mwanga usiitegemee. Zile zenye kidirisha cha vioo vidogo vidogo kama jicho la nzi hazitaki betri lakini nyingi zimechoka. Nyingi za zile zenye betri zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo zimepigwa marufuku, ukiweka ya kawaida ya volti 1.5 mita inadanganyika, inadhani mwanga ni mwingi na picha zinatoka giza. Betri za vifaa vya kusikilizia zina volti 1.4, ziko karibu zaidi, ila zinakufa haraka. Mi natumia kanuni ya jua: jua kali, tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), spidi iwe karibu na moja chini ya namba ya ASA, ile ya wepesi wa mkanda kushika mwanga, mkanda wa 400 basi 1/500. Mawingu ya kawaida f/8, mawingu mazito f/5.6. Ukizoea wiki mbili hutaikumbuka mita.

Fokasi nayo si lazima kila mara uchungulie. Lenzi ya 50mm ukiweka f/16 na umbali mita 5, kila kitu kuanzia mita 2 na nusu hivi mpaka mbali kabisa kinasomeka. Barabarani usihangaike, inua upige. Ila kwenye Zenit za zamani, nazo za Usovieti, fokasi ukiwa umefungua tundu lote halafu kumbuka kulifunga kwa mkono kabla ya kufyatua, haijifungi yenyewe.

Kuweka mkanda ndipo watu wanalia. Ukishaufunga mgongo, kaza taratibu kirungu cha kurudishia mpaka uhisi umeshika, halafu vuta fremu mbili ukikitazama. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka fungua uanze upya, usijipe moyo. Mi niliwahi kufika fremu ya 41 kwenye mkanda wa 36 nikajiona nimebahatika fremu za bure, kumbe mkanda ulikuwa umelala kwenye kikopo chake hata haujatoka. Na mwisho wa mkanda usilazimishe, bonyeza kitufe cha kuachia meno yanayoshika mkanda kwanza ndo urudishe, ukisikia mrr umekatika ingia giza totoro ndo ufungue.

Za kuweka kabatini, zifyatue walau mara moja kwa mwezi kwenye spidi zote, zisikae zimekokiwa, na zitoe kwenye mifuko ya ngozi maana fangasi inaipenda ngozi yenye unyevu kuliko unavyoipenda wewe. Chini ya kila kamera mi nimebandika kipande cha plasta nikaandika mwiko wake, kwa sababu zikifika tano unaanza kuzichanganya. Ya Zorki imeandikwa KOKI KWANZA. Ya Kiev imeandikwa KIDOLE!!