FERI ya mzigo wa Kongo kupitia Dar: sahihisha BL ikiwa bado rasimu

Kontena linaloshukia Dar es Salaam kwenda Lubumbashi linadaiwa FERI, hati ya kielektroniki ya kufuatilia mzigo inayosimamiwa na OGEFREM, shirika la serikali ya Kongo la usimamizi wa mizigo. BL (hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli) moja, FERI moja. BL tatu za mwagizaji mmoja kwenye meli ileile ni FERI tatu.

1. Andaa BL ya rasimu, ankara ya bidhaa, ankara ya nauli ya meli na tamko la forodha la nchi mzigo unakotoka. Tuma PDF. Picha za simu, hapana: 8 inasomwa 3, halafu mnaanza kulaumiana.

2. Ankara ikiwa ya CIF, yaani bei yenye nauli na bima ndani yake, muuzaji aitenganishe: FOB (bei ya bidhaa hadi kupakiwa melini), nauli, bima.

3. Linganisha uzito. Hapa usiharakishe, maana nyaraka za kontena moja zinaweza kubeba uzito wa aina tatu na zote zikawa sahihi. Mfano: orodha ya mzigo inasema kilo 23,900, yaani bidhaa tupu. BL inasema 24,600, yaani bidhaa na vifungashio na paleti. VGM, uzito uliothibitishwa wa kontena lililopakiwa, ambayo ni lazima tangu Julai 2016, inasema 26,830 kwa kuwa inahesabu na kontena lenyewe. Kwenye FERI jaza 24,600. Ukitilia shaka, toa 24,600 kwenye 26,830: unabaki na 2,230, na namba hiyo ikaribiane na uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni mwake. Kontena tupu la futi 40 huzidi kilo 3,500, kwa hiyo tofauti ya 2,230 hapo ina maana kuna aliyekosea. Kontena zikiwa kadhaa, jumlisha moja moja hadi ulingane na jumla ya BL.

4. Namba ya kontena: herufi 4, tarakimu 7. Ya mwisho ni ya uhakiki, usiiache.

5. Kwenye BL, bandari ya kushushia iwe Dar es Salaam na mwisho wa safari Lubumbashi. Ikiishia Dar, wakala wa forodha atahangaika kuufungulia mzigo transiti.

6. Peleka maombi kwa wakala aliyeidhinishwa kwenye nchi ya kupakia. Mchague mwenyewe, muuzaji hana haraka yako. Soma rasimu ya FERI ukiiweka kando ya BL, ndipo ulipe.

7. Namba ya FERI iingie kwenye BL kabla BL haijatolewa rasmi. Kurekebisha BL baada ya meli kuondoka kunalipiwa, na FERI nayo itabidi iguswe upya.

8. Muulize wakala wako wa Dar kuhusu AD, hati ya kuthibitisha mzigo unakoishia, meli ikiwa bado baharini.