Somo: Njia ya kumuasili mtoto, yaani kumfanya awe wako kisheria, hapa Kenya, hatua kwa hatua

Wengi wetu huanza kwa kumtafuta mtoto. Mmesikia kuna malaika mahali fulani, mmekwenda Jumamosi kumwona, amewashika kidole, mapenzi yameingia. Ndipo mnapouliza sheria inasemaje. Nawasihi mgeuze mpango huo. Sheria yetu haitaki mtu ajichagulie mtoto kisha atafute wa kumhalalishia. Wewe unapimwa kivyako, hali ya mtoto inachunguzwa kivyake, na shirika la kuasili lililosajiliwa ndilo linalowakutanisha. Nimeipita njia hii nikiwa mama, na baadaye nimewasindikiza wenzangu, na ninaamini kwa dhati kwamba kila karatasi mtakayoombwa ni ngao ya mtoto.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kazi tarehe 26 Julai 2022 mahali pa ile ya 2001. Ukisoma mwongozo wa zamani mtandaoni, angalia kwanza umetegemea sheria ipi.

Hatua ya 1: Jipime mwenyewe

Kwa jumla, anayeasili awe ametimiza miaka 25, asiwe amefika 65, na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Jamaa wa mtoto ana nafasi yake katika sheria. Wenye ndoa huomba pamoja. Kama mwenzako anasitasita, ngojeni. Afisa wa shirika ataketi na kila mmoja wenu peke yake, na anayeburutwa hujulikana mapema. Mwanamke asiye na mume pia anaweza kuomba, na wapo waliopewa amri zao.

Hatua ya 2: Nenda kwa shirika lililosajiliwa

Mashirika haya husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Omba kuona cheti cha usajili na uangalie kama muda wake haujaisha. Huna wa kumuuliza? Ingia ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako, watakuelekeza. Ada za shirika zipo na za wakili zipo, kila moja na risiti yake. Kumlipa mtu yeyote ili akupe mtoto ni kosa la jinai, hata malipo hayo yakiitwa shukrani.

Utaandaa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kama unayo, cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, ripoti ya daktari, ushahidi wa mapato na barua za watu wanaokufahamu.

Hatua ya 3: Afisa anakuja nyumbani

Hapa ndipo watu wanapotetemeka bure. Nimeona mama akipaka nyumba rangi mpya na kuazima makochi ya jirani. Afisa hakuyatazama hayo makochi. Aliuliza mtoto atalala wapi, maji yanatoka wapi, nani atabaki naye wazazi wakienda kazini, na akaomba kuzungumza na dada anayesaidia pale nyumbani. Kisha akauliza swali zito kuliko yote: nyanya na babu wa pande zote mbili wanajua? Na mtoto mwenyewe mtamwambia lini?

Jibuni ukweli. Kama bibi mzaa baba amesema hataki "damu ngeni" katika boma lake, semeni hivyo na mweleze mnavyolishughulikia. Mtoto akija kutengwa kwenye matanga au kunyimwa shamba la babu, atakayeumia ni yeye, kwa hiyo afisa ana kila sababu ya kudadisi. Ripoti yake huenda kwa kamati ya shirika, nayo ndiyo inayoamua kama mnafaa.

Hatua ya 4: Mtoto atamkwe huru kuasiliwa

Hakuna kesi bila mtoto kutimiza angalau wiki sita na kuwa na hati inayosema yuko huru kuasiliwa. Mama mzazi anayemtoa mtoto hupewa ushauri nasaha na kutia sahihi kwa hiari yake. Zile wiki sita zinamlinda yeye: uchungu wa kujifungua, hofu ya wazazi wake, kukimbiwa na mwanamume, mambo hayo yote yapate kutulia kabla hajaamua.

Mtoto aliyeokotwa ana njia ndefu zaidi. Tukio linaandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, polisi wanatafuta jamaa, na baada ya muda, kwa kawaida miezi sita, wanatoa barua ya mwisho kwamba hakuna aliyejitokeza. Ombeni nakala ya barua hizo mkaiweke salama. Zinaweza kueleza mtoto alipatikana kando ya njia ipi, saa ngapi, amefungwa leso ya rangi gani. Kwenu ni kiambatisho tu. Kwa mtoto huenda ndiyo habari pekee ya siku zake za kwanza duniani, na siku moja ataitaka.

Hatua ya 5: Kuishi pamoja

Mkishakutanishwa, mtoto anakaa kwenu angalau miezi mitatu mfululizo, humu nchini, kabla ya ombi kufikishwa mahakamani. Afisa huja kuwatembelea. Mtoto asipolala usiku, au akijificha kila mgeni akibisha, mwambieni. Hajaja kumpokonya mtoto.

Hatua ya 6: Mahakama Kuu

Wakili wenu hufungua ombi Mahakama Kuu. Mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika kesi, naye huchunguza na kuandika ripoti yake. Idara ya Huduma za Watoto ya serikali pia huwasilisha ripoti. Kesi husikilizwa faraghani. Jaji kwa kawaida atataka kuwaona nyote, na mtoto aliyekua kiasi cha kujieleza atasikizwa. Mtaombwa pia kumtaja mlezi wa kisheria atakayemchukua mtoto mkifariki au mkishindwa kumlea. Chagueni mtu ambaye mmeketi naye na akakubali, si jina la kujaza nafasi.

Hatua ya 7: Baada ya amri

Msajili Mkuu huingiza jina kwenye rejista ya watoto walioasiliwa na cheti hutolewa. Kuanzia hapo ni mtoto wenu kama aliyezaliwa ndani ya ndoa yenu, pamoja na haki ya kurithi. Msiishie kwenye amri mkasahau rejista. Shule na ofisi ya pasipoti zitataka cheti.

Maswali ya wanachama

Swali (Nakuru): Dada yangu alifariki, nimemlea mwanawe tangu akiwa mdogo. Lazima nimwasili?

Si lazima, dada, na pole sana. Sheria inaruhusu jamaa kuasili, lakini pia kuna ulezi wa kisheria unaokupa mamlaka ya kumwandikisha shule na kumtibu bila kufuta jina la mama yake. Ulezi huo kwa kawaida hukoma akitimiza miaka 18 na haumfanyi kuwa mrithi wako. Kama baba yake yuko hai, ridhaa yake itaulizwa. Anza na afisa wa watoto, na umbebee cheti cha kifo.

Swali (Mombasa): Sisi ni Waislamu na tunaogopa kubadilisha nasaba.

Sheria ya 2022 imeitambua kafala kwa jina. Mtoto anabaki na ukoo wake, nanyi mnamlea, mnamsomesha na kumlinda kikamilifu. Kwa kuwa harithi kwa mirathi, mnaweza kumpa hiba, yaani zawadi, mkiwa hai, au kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali. Kuhusu umahramu, yaani uhusiano wa watu wasioruhusiwa kuoana, akibaleghe, muulizeni sheikh wenu mapema, hasa kama mtoto angali wa kunyonya.

Swali (Nairobi): Mkunga anasema kuna msichana hataki mtoto, na hospitali itaandika kuwa mimi ndiye niliyejifungua. Tutalipa gharama tu.

Ndugu yangu, usithubutu. Hiyo ni hati ya uongo, na inaweza kukuingiza katika Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya 2010, yenye vifungo virefu. Zaidi ya hayo, msichana huyo hajapewa ushauri na mtu yeyote, na pengine hajui anachokubali. Akirudi baada ya miaka mitatu huna karatasi hata moja, na mtoto atatolewa mikononi mwako akikuita mama. Mpelekeni msichana kwa afisa wa watoto.

Swali (Kisumu): Mtoto aliyeokotwa ana uraia gani?

Katiba, ibara ya 14(4), inasema mtoto aliyepatikana Kenya na anayeonekana kuwa chini ya miaka minane, ambaye uraia na wazazi wake hawajulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Na asiye raia akiasiliwa na raia ana haki ya kuomba kusajiliwa, kwa ibara ya 15(3).

Swali (Eldoret): Nimeajiriwa. Nitapata likizo kama ya uzazi?

Utapata mwezi mmoja wenye mshahara kamili, kuanzia mtoto anapoletwa kwako kabla ya amri ya kuasili, kwa marekebisho ya 2021 ya Sheria ya Ajira. Mwarifu mwajiri kwa maandishi angalau siku 14 kabla mtoto hajaletwa kwako, ukiambatisha hati za shirika. Sheria imesema "mwajiriwa", haikusema mama, kwa hiyo mumeo kama ni mwombaji mwenzako naye aandike barua yake.