Somo: Kutoa vinyama vya kizazi kwa kamera bila kupasuliwa

Wadada habari, naweka hili somo maana mtu akiambiwa ana kinyama kwenye kizazi anaanza kulia kama kashahukumiwa. Tulieni kwanza, vingi sio saratani na tumbo halipasuliwi.

Kinyama hicho kinaitwa polipu, jua chako kiko wapi. Polipu ya mlango wa kizazi daktari anaiona kwa macho, anaibana na koleo anaizungusha mpaka ikatike kwenye shina, dakika chache umeshavaa, mara nyingi hata sindano ya ganzi hamna. Ya ndani ndo ina mambo.

Hatua ya 1: tarehe. Panga ukishamaliza tu hedhi, ukuta wa kizazi unakuwa mwembamba. Ukichelewa unavimba na kila kitu kinafanana na polipu. Utapimwa na mimba, usinune.

Hatua ya 2: uliza kama unaruhusiwa kunywa dawa ya maumivu saa moja kabla. Kama utalazwa usingizi, ukiambiwa usile usile kweli, hata chai ya maziwa.

Hatua ya 3: yenyewe sasa. Kamera nyembamba ya milimita kadhaa inapita ukeni hadi kwenye kizazi, hakuna panapochanwa. Yanaingizwa maji ya chumvi kizazi kitanuke, hapo tumbo linakaza kama siku ya kwanza ya hedhi. Mimi nilikuwa macho naangalia skrini, nikaona kitu chekundu kama ncha ya kidole kinayumbayumba kwenye maji, halafu kimkasi kidogo kikakifuata chini kwenye shina, tyari. Wengine wanatumia waya wa umeme au kifaa kinachokata huku kinavuta.

Na msiniulize kwanini nang'ang'ania kamera, kabla ya hapo nilikuwa nimeshasafishwa kizazi kwa kukwanguliwa, hospitali siitaji, daktari anakwangua bila kuona anachokwangua, miezi mitatu damu ikarudi na kamera ilipoingia kinyama kiko palepale kinanisubiri. Kina shina laini, kifaa kikipita kinalala tu.

Hatua ya 4: kiende maabara, kisitupwe! Hasa kama ulishakoma hedhi na bado unatoa damu, au unatumia tamoksifeni (dawa ya saratani ya matiti). Na majibu ufuate mwenyewe.

Baada ya hapo damu kidogo siku kadhaa ni kawaida, tumia pedi, tendo la ndoa subiri mpaka uruhusiwe. Homa, uchafu unaonuka, maumivu yanayozidi au pedi kujaa ndani ya saa moja, rudi hospitali siku hiyohiyo.

MASWALI

Swali: Dada, polipu yangu ni ya milimita 6 na sina dalili, nitoe?
Jibu: Zilizo chini ya sentimita 1 zingine hupotea zenyewe, kama hujakoma hedhi daktari anaweza kusema tuiangalie tu.

Swali: Natafuta mtoto, naanza lini?
Jibu: Wengi wanaruhusiwa hedhi inayofuata ikishapita.

Swali: Si ndo fibroidi hiyo hiyo?
Jibu: Hapana mpenzi, fibroidi inaota kwenye msuli wa kizazi, polipu inaota kwenye ule utando wa ndani.

Swali: Sijawahi kukutana na mwanaume, watapitaje? Naona aibu hata kuuliza.
Jibu: Usione aibu. Kamera nyembamba inaweza kupitishwa bila kile chuma cha kupanulia uke, ila waambie mapema, sio ukishapanda kitandani.